Jinsi Polisi Wapelelezavyo Wizi wa Motokaa na Unyang'anyi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetuagiza tunene habari za kazi ya polisi katika kupeleleza wizi wa motokaa na unyang'anyi. Twatoa shukrani kwa heshima hiyo. Tena twataka kuwajibu mapema wale watakaouliza, "Makarani wana nini na wezi?" Motokaa iibwapo usiku mtaani, wizi bado haujatimia. Hutimia siku ile ambayo gari hilo hupata mwenyewe mpya, namba mpya na kadi mpya. Na mambo hayo hufanyika kwa kalamu, juu ya meza ya ofisi, au kwa vidole juu ya kompyuta. Aketiye mezani pale ni mmoja wetu. Kwa sababu hiyo habari hizi zatuhusu kuliko tunavyodhani.

Na tuanze na taarifa. Mtu aliyeibiwa huenda kituoni, maneno yake huandikwa katika kitabu, naye hupewa namba ya taarifa yake. Hapa kwetu Tanzania watu huiita RB, na ndugu zetu wa Kenya huiita OB. Namba hiyo si karatasi ya kumtuliza mlalamikaji. Ndiyo mlango wa kesi nzima, kwa kuwa saa na tarehe iliyoandikwa pale itaulizwa mahakamani baada ya miaka. Mwenye gari akikawia siku mbili akimtafuta mwizi kwa marafiki, amempa mwizi siku mbili za kufika mpakani, tena amempa wakili wa mwizi swali zuri la kuuliza.

Mpelelezi atataka kujua namba ya usajili, aina na rangi ya gari, lakini hayo peke yake hayatoshi. Atauliza namba ya fremu, ambayo wengi huiita namba ya chesisi, na namba ya injini. Atauliza alama ndogo ambazo mwenyewe tu huzijua: mkwaruzo chini ya mlango, kiti kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, taa iliyobadilishwa. Atauliza ni nani mwenye ufunguo wa pili, na tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, maana kwa mafuta yale yaweza kukisiwa gari litakwenda mbali gani kabla ya kusimama kituoni, mahali penye watumishi wenye macho na pengine kamera. Inasikitisha kwamba wenye magari wengi huijua namba ya kibao tu, na kibao ndicho kitu cha kwanza kung'olewa na mwizi. Ubaya zaidi ni wa wale waiachao kadi ya gari ndani ya gari lenyewe. Huyo amempa mwizi mali pamoja na hati yake.

Wengine huudhika mpelelezi anapowauliza madeni yao, bima yao, na habari za dereva wao. Husema, "Nimeibiwa mimi, nami nahojiwa kama mwizi!" Tusiudhike. Taarifa za wizi wa magari ni za namna nyingi. Yako magari yaliyoibwa kweli. Yako yaliyotolewa na dereva kwa mapatano na rafiki zake. Tena yako ambayo mwenyewe ameyaficha au ameyauza, ili alipwe na kampuni ya bima au akwepe deni. Mpelelezi asiyeuliza maswali haya hajaifanya kazi yake, naye mlalamikaji mkweli hana hasara kwa kuyajibu.

Sasa tuje kwenye namba, ambazo sisi makarani twazifahamu. Katika nchi nyingi gari lililotengenezwa tangu miaka ya 1980 lina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Herufi I, O na Q hazitumiki ndani yake, ili zisichanganywe na 1 na 0. Katika magari ya Marekani herufi au tarakimu ya tisa hupatikana kwa kupiga hesabu ya zile nyingine, hata mtu akigeuza moja tu kwa ujinga, mara nyingi hesabu hukataa. Walakini magari mengi ya kwetu ni yale yaliyotumika Japani kwanza, nayo yana namba ya fremu iliyo fupi zaidi: herufi za aina ya gari, kisha kistari, kisha namba ya mfululizo. Karani asiyejua jambo hili aweza kulikataa gari halali kwa kuwa namba zake hazifiki 17, na kesho akalipokea gari la wizi kwa kuwa zimefika.

Wezi huzishughulikia namba hizi kwa njia tatu. Wa kwanza huifuta kwa tupa na kupiga nyingine juu yake. Wa pili hukata kipande chote cha bati chenye namba, akachomelea kingine kutoka gari lililovunjika katika ajali, ambalo kadi yake ameinunua. Wa tatu hana haja ya gari zima. Hulivunja usiku mmoja, na asubuhi milango, taa na gia zimetawanyika miongoni mwa vipuri vya halali. Mitaa ya vipuri kama Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi na Kisekka ya Kampala ina wafanya biashara waaminifu wengi, nao ndio wa kwanza kuharibiwa jina na mtu wa namna hii.

Mpelelezi hufanyaje mbele ya namba iliyofutwa? Chuma kipigwapo muhuri, nguvu ya pigo hushuka chini kupita ule mfereji unaoonekana, na chuma cha chini hukazwa. Mwizi akisugua mpaka juu pawe laini, chuma kilichokazwa bado kipo. Mtaalamu husafisha mahali pale, hupaka dawa ya asidi kidogo kidogo, na kwa kuwa asidi hula chuma kilichokazwa tofauti na kile kilichotulia, namba ya zamani yaweza kutokea tena kama kivuli. Hupigwa picha upesi, maana yaweza kutoweka. Mwizi akiwa amesugua ndani sana au amekata bati lote, dawa haitasaidia. Ndipo hutazamwa mshono wa kuchomelea, rangi ya chini, na namba nyingine zilizofichwa mahali pengine mwilini mwa gari.

Baada ya namba, mipaka. Gari lililoibwa mjini laweza kuwa Namanga au Tunduma kabla mwenyewe hajamaliza kuandikisha taarifa. Kwa hiyo wakuu wa polisi wa Mashariki ya Afrika waliunda shirika lao la ushirikiano mwaka 1998 huko Kampala, nao polisi wa dunia, yaani Interpol, wenye makao makuu Lyon katika Ufaransa, wana daftari la magari yaliyoibwa ambalo nchi wanachama huandika na kusoma. Mwaka 2015 gari moja aina ya Lexus lililoibwa Uingereza, lenye chombo cha kufuatilia ndani yake, lilifuatwa likipita Ufaransa na Oman kwa bahari hata Mombasa, kisha kwa barabara hata Kampala, na kwa fuo hilo magari mengine ya wizi yaligunduliwa. Na tuangalie: katika safari ndefu hiyo gari lilipita chini ya hati ngapi? Orodha ya mizigo, tamko la ushuru, hati ya kupita nchi. Kila moja ilijazwa na mtu, ikapokewa na mtu, ikapigwa muhuri na mtu. Hatusemi wote walikuwa waovu. Twasema ya kuwa muhuri hauna macho, na karani apigaye muhuri pasipo kutazama amempa mwizi macho yake ayafumbe.

Hasara ya mambo haya humfika nani? Mwanachama mmoja, ambaye jina lake tutalihifadhi, alikopa katika chama cha akiba akanunua pikipiki ili nduguye afanye kazi ya bodaboda. Kadi ilikuwa nzuri, muuzaji mtu mwenye adabu, na bei nafuu kidogo. Baada ya miezi kadhaa askari wakaikagua barabarani, wakaona namba ya shingoni, chini ya usukani, imepigwa kwa mkono. Pikipiki ikachukuliwa, ikarudishwa kwa mwenyewe wa kwanza, na ilikuwa haki, kwa kuwa mwizi hawezi kumpa mtu umiliki asio nao. Mwenzetu akabaki na deni linalokatwa katika mshahara wake kila mwezi, na nduguye akalala mahabusu mpaka ilipothibitika kwamba hakujua. Kadi ile nzuri ilitoka katika ofisi. Mahali fulani mtu fulani aliandika namba bila kwenda uani kuitazama pikipiki, au aliitazama akapokea bahasha.

Tumesema ya wizi. Sasa tuseme ya unyang'anyi. Tofauti yake ni nguvu. Achukuaye gari lako ukiwa umelala ni mwizi. Akutishaye kwa panga au bunduki ni mnyang'anyi. Sheria ya Tanzania humpa mnyang'anyi wa kutumia silaha kifungo kisichopungua miaka 30. Adhabu ikiwa kubwa kiasi hicho, hapana budi ushahidi uwe na uzito wa kuistahili, na hapa ndipo kazi ya mpelelezi huwa ngumu kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi shahidi ni mtu mmoja aliyejaa hofu, usiku, kwa dakika chache.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu ambayo hata leo huongoza jambo hili. Ilisema ushahidi wa macho ni dhaifu kuliko ushahidi wote, na mahakama isimtie mtu hatiani kwa huo mpaka iridhike kwamba hakuna nafasi ya kukosea. Yaulizwe haya: Shahidi alimtazama mtu yule kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga gani? Je, alimjua tangu zamani? Kwa hiyo mpelelezi mwema humtaka shahidi aeleze sura, urefu, mavazi na sauti kabla hajamwona mtu yeyote aliyekamatwa. Kisha hufanyika gwaride la utambuzi. Mtuhumiwa husimama pamoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Huchagua mwenyewe mahali pa kusimama. Na shahidi haruhusiwi kumwona kabla ya hapo. Askari akimwonyesha shahidi mtuhumiwa katika korido, au picha yake ikizungushwa katika simu za watu, gwaride limekufa kabla ya kuzaliwa.

Macho yakishindwa, vitu husema. Ofisi ya alama za vidole ya Calcutta, katika Bengal, ilianzishwa mwaka 1897, na ile ya Scotland Yard mwaka 1901. Mpango wa kuziweka alama katika makundi huitwa kwa jina la Edward Henry, aliyekuwa Mkuu wa Polisi wa Bengal. Walakini hesabu za mpango ule zilifanywa na wasaidizi wake wenyeji, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Haque ndiye aliyebuni njia ya kuzigawanya karatasi katika visanduku 1,024, ili karatasi ya mtu mmoja ipatikane upesi miongoni mwa maelfu. Twawataja kwa furaha, mabwana. Bila masjala iliyopangwa, alama za vidole vya mwizi zingekuwa uchafu juu ya kioo.

Mfano mkubwa ni ule wa Uingereza wa tarehe 8 Agosti 1963. Wanyang'anyi walilisimamisha treni la posta lililotoka Glasgow kwenda London, wakampiga dereva wake, wakachukua zaidi ya pauni milioni mbili na nusu. Walipoondoka waliwaambia watumishi wa posta wasitikisike kwa nusu saa. Kwa neno hilo polisi wakafikiri: nusu saa yawatosha kufika mahali pao pa kujificha, basi mahali hapo pako karibu. Wakaanza kuyatafuta mashamba yaliyo pweke. Mchunga ng'ombe mmoja akatoa habari za shamba liitwalo Leatherslade, na tarehe 13 Agosti polisi wakafika. Watu walikuwa wamekwisha kukimbia, lakini magari yao yalikuwapo: lori moja na Land Rover mbili, na Land Rover zote mbili zilifungwa namba moja ya usajili. Alama za vidole zilikuwa juu ya chupa, sahani na vifaa vya mchezo. Katika mwaka 1964 wengi wao walihukumiwa, baadhi kifungo cha miaka 30.

Kesi ile ina upande wa pili. Mmoja wa waliohukumiwa alifia gerezani mwaka 1970, na baadaye baadhi ya wanyang'anyi wenyewe walisema hakuwamo katika tendo la usiku ule. Sehemu kubwa ya fedha haikupatikana. Twaona, basi, kwamba hata upelelezi uliosifiwa dunia nzima waweza kuacha shaka nyuma yake, na shaka hiyo humwangukia mtu mwenye mke na watoto.

Siku hizi mpelelezi ana kamera za barabarani, orodha za simu zilizopigwa, na vyombo vya kufuatilia gari kwa mitambo ya angani. Naye mwizi ana chombo cha kuvuruga mawimbi hayo. Lakini chombo chochote kitumikacho, kesi husimama au huanguka kwa karatasi. Askari achukuapo kitu katika upekuzi hana budi kuandika hati, mwenye nyumba na mashahidi watie sahihi, na stakabadhi itolewe. Toka hapo iandikwe ni nani aliyekipokea, saa ngapi, kilihifadhiwa wapi, kilimfikia mtaalamu lini, kilirudi kwa nani. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, wakili atauliza, "Mwajuaje kwamba injini hii ni ile ile?" na hapatakuwa na jibu. Hali kadhalika mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, naye hana maelezo ya kukubalika, mahakama yaweza kumhesabu kuwa ndiye aliyeiiba. Lakini yapasa ithibitike kwanza kwamba mali ilikutwa kwake, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo iliyotajwa katika mashtaka. Mambo hayo yote manne huthibitishwa kwa maandishi ya makarani na askari.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni zito. Pikipiki ikiibwa, kelele za "Mwizi!" zikipigwa, umati hukusanyika kwa mawe na mipira ya magari na petroli. Wengine husema hiyo ndiyo haki ya haraka. Sisi twasema umati huo ni rafiki mkubwa wa mwizi mkuu. Kijana aliyekamatwa na pikipiki kwa kawaida ni mkono tu. Yuko aliyemtuma, yuko anunuaye, yuko atengenezaye kadi. Akichomwa moto, majina hayo yote yachomwa pamoja naye, na asubuhi mkubwa wao atatafuta mkono mwingine. Tena mara ngapi ameuawa mtu aliyekuwa akipita tu! Mbele ya umati hakuna gwaride, hakuna mwanga unaopimwa, hakuna rufani.

Wanachama wenzetu, mwatuomba nini cha kwenda nacho nyumbani? Twawapa mambo manne. La kwanza, kila mwenye gari au pikipiki aandike namba ya fremu na ya injini, aiweke nyumbani, wala asiache kadi ndani ya chombo. La pili, anunuaye asisome kadi tu. Asome chuma, aende pamoja na muuzaji katika ofisi ya usajili kabla ya kutoa fedha, na bei iliyo nafuu mno imtie hofu. La tatu, aitwaye kuwa shahidi aseme alichokiona na kiasi alichokiona, asiongeze ili kumfurahisha askari, wala asipunguze kwa kuogopa jamaa za mtuhumiwa.

La nne ni letu sisi tulio mezani. Atakuja ndugu, atakuja rafiki, na siku nyingine atatuma neno mkubwa wa kazi, kwamba hati fulani ipitishwe upesi, hakuna haja ya kukagua. Kukataa si rahisi. Mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba ajua yale atakayoweza kupatwa nayo akikataa: uhamisho, barua ya onyo, kupitwa katika kupandishwa cheo. Hatuwezi kumwambia mtu mmoja asimame peke yake. Ndiyo maana twaomba Halmashauri yetu iandike katika kumbukumbu ya leo ya kwamba mwanachama atakayeonewa kwa kukataa kupitisha hati asiyoikagua, Chama kitachukua shauri lake kuwa shauri la Chama, na kitalipeleka mbele kwa njia za halali mpaka lisikilizwe. Pasipo azimio hilo hotuba yetu itakuwa mahubiri tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lenye uongo hupoteza mali ya watu huku likitoa habari njema. Na tulilinde daftari.

Kwa maneno haya tumefika mwisho, na maswali tutayapokea kwa radhi.